Siku Nilipokwenda Kuona Maji ya Buluu

Nimezaliwa Kiomoni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga, mahali ambapo mtu akitaja pango hakuna anayeuliza ni pango gani. Baba yangu aliongoza wageni katika Mapango ya Amboni kwa miaka mingi, na nilipokuwa mdogo nilimfuata nyuma nikimbebea tochi ya akiba, hata maneno yake yote nikayahifadhi. Jiwe lile ni tembo, lile ni mamba, lile ni kochi; hapa ni mzimuni, ambapo watu huja na ubani, vitambaa na chupa za marashi kuomba haja zao; na njia hii, mabibi na mabwana, inakwenda chini kwa chini hadi Kilimanjaro. Hapo wageni walinyamaza, nami nilinyamaza pamoja nao, mpaka nilipofika kidato cha tatu na kusoma kwamba upimaji wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa pango refu kuliko yote pale lina mita 900 hivi. Tangu hapo, kila Baba alipofika kwenye Kilimanjaro, mimi niliangalia viatu vyangu.

Huo ndio mzigo niliokwenda nao Blaubeuren, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, mwezi Septemba mwaka 2018. Nilikuwa Ulm kwa mafunzo ya miezi mitatu ya maabara ya maji, na mama mmoja tuliyefanya naye kazi, ambaye alizaliwa kijiji cha jirani na mji huo, alikuwa amenisikia nikieleza habari za Amboni wakati wa chakula cha mchana. Aliniambia kwamba kwao pia kuna mapango, kuna chemchemi yenye maji ya buluu kama wino, na kwamba mtu wa maji kama mimi hawezi kurudi Afrika bila kuiona. Tulipanga Jumapili. Tatizo ni kwamba Ijumaa na Jumamosi zote mvua ilinyesha mchana na usiku.

Kutoka Ulm treni haichukui hata nusu saa. Reli inafuata bonde pana lenye kuta za mawe meupe pande zote mbili, na chini yake kinapita kijito kidogo kisicholingana kabisa na bonde lenyewe, kama mtoto aliyevaa kanzu ya babu yake. Mwenyeji wangu alinieleza sababu: bonde hilo lilichongwa na mto Danube, ambao zamani sana ulipita hapo kabla ya kuhamia njia yake ya sasa kusini zaidi, na vijito vya Ach na Blau vilirithi tu nafasi iliyoachwa wazi. Mawe yale ni chokaa ya zama za Jurasi, ya bahari iliyokuwapo miaka milioni 150 hivi iliyopita. Niliposikia tarakimu hiyo nilikaa wima kitini, kwa sababu ndiyo ile ile ambayo Baba huwatajia wageni pale mlangoni Amboni, na hiyo si hadithi.

Tulipita katikati ya mji kwa miguu, kati ya nyumba za kale zenye mihimili ya mbao iliyoachwa nje ya ukuta, tukaingia kwenye kivuli cha miti nyuma ya monasteri, na hapo ndipo chemchemi ilipo. Wanaiita Blautopf, yaani chungu cha buluu. Ni bwawa la mviringo chini ya mlima, limetulia kiasi kwamba usipoangalia linakotokea kijito huwezi kusadiki kwamba kuna maji yanayopanda kutoka chini. Na siku hiyo halikuwa la buluu. Lilikuwa la kijani kilichochanganyika na udongo, rangi ya mto Zigi wakati wa masika. Mwenyeji wangu alisimama, akatazama maji, akanitazama mimi, akaanza kuomba radhi kana kwamba ni yeye aliyeyatia tope.

Nilimwambia asisikitike, na sikusema hivyo kwa adabu tu. Kwa mtu wa kazi yangu, maji yaliyochafuka husema mengi kuliko maji safi. Mvua inayoanguka juu ya Alb, nyanda za juu zinazolizunguka bonde hili, ambako hakuna mito wala vijito vya maana kwa kuwa ardhi ya chokaa imejaa nyufa, inazama yote, inasafiri gizani, kisha inatokea mahali pamoja, hapa, ikiwa imebeba udongo ilioukuta njiani. Kwa wastani zinatoka lita 2,300 hivi kila sekunde, na wakati wa mafuriko zimewahi kupimwa zaidi ya lita 32,000 kwa sekunde. Buluu yenyewe, siku za ukavu, haitokani na kitu chochote kilichotiwa ndani. Ni chembe ndogo sana za chokaa zinazoelea majini na kutawanya mwanga, na mwanga wa buluu ndio unaotawanywa zaidi. Nilishuka mahali maji yanapotokea kwenda kwenye gurudumu la karakana ya kale ya mhunzi, ambayo bado inaonyeshwa kwa wageni, nikachovya mkono. Baridi yake ilikuwa ya kukata, nyuzi tisa au kumi nilivyokadiria. Nilisugua vidole, nikayatambua: maji magumu, ndugu wa yale ya visima vyetu yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria.

Karibu na maji hayo kuna sanamu ya mwanamke. Mwenyeji wangu alinisimulia habari zake tukiwa tumeegemea uzio. Anaitwa Lau, mke wa mfalme wa maji aliyekaa kule Danube inakoingia Bahari Nyeusi, na mumewe alimfukuza kwa sababu hakuwa anacheka na kila mtoto aliyemzaa alizaliwa amekufa. Akaambiwa akakae katika chungu hiki mpaka atakapokuwa amecheka mara tano. Watu wa mji walipotaka kujua kina cha maji walishusha kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi, na kila mara Lau aliichukua ile risasi, hivyo kamba haikufika chini kamwe na ikasemwa kwamba chungu hakina mwisho. Mpaka leo watoto wana kitanza ndimi kuhusu kipande cha risasi kilicho karibu na Blaubeuren. Alikisema kwa lahaja ya kwao, haraka haraka, mimi nikashindwa mara tatu; nami nikamlipa kwa watu wa Liwale wasiokula wali wa Liwale, naye akashindwa mara nne.

Nilimuuliza kina halisi. Mita ishirini na moja hivi, alijibu bila kusita, wapiga mbizi walikwisha fika chini zamani. Mwaka 1985 mmoja wao, Jochen Hasenmayer, aliogelea ndani ya mlima kwa zaidi ya kilomita moja katika mfereji uliojaa maji, akatokea kwenye ukumbi mkubwa wenye hewa ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameuona. Na tangu hapo watafiti wamepima zaidi ya kilomita kumi za pango, na bado wanaendelea. Nilisubiri aseme kwamba basi ile hadithi ya kamba ni upuuzi. Hakusema. Alirudi kwenye Lau na vicheko vyake vitano, kwa uso ule ule aliotajia mita ishirini na moja.

Ndani ya monasteri hatukukaa sana. Ilianzishwa na Wabenedikto karne ya 11, na tangu mwaka 1817 ni seminari ya Kiprotestanti yenye shule ya bweni. Madhabahu yake ya mwaka 1493, yenye milango ya kukunjwa na sanamu za mbao zilizopakwa dhahabu, ni kazi ya karakana ya Michel Erhart wa Ulm, nayo ilipona wakati wa Matengenezo ya Kidini ambapo sanamu nyingi za makanisa katika nchi hizo ziliharibiwa. Ni nzuri kupita kiasi; mimi jicho langu lilichoka kwa dhahabu ile, nikatamani mawe.

Mawe niliyapata mchana. Kwanza tuliingia makumbusho ya mji, ambako katika chumba chenye giza, ndani ya sanduku la kioo, kuna mwanamke mwingine, huyu ni kisanamu cha pembe ya mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya aliyekwisha toweka, asiyefika urefu wa kidole changu cha kati. Ana umri wa miaka 40,000 hivi. Alichimbwa mwaka 2008 katika pango la Hohle Fels akiwa vipande vipande. Hana kichwa, mahali pa kichwa pana kitanzi kidogo, na kitanzi hicho kimelainika kwa namna inayoonyesha kuwa kulikuwa na uzi, na kwamba mtu alimvaa shingoni. Nilisimama mbele ya kitanzi hicho muda mrefu kuliko mbele ya madhabahu nzima. Katika pango hilo hilo, mwaka huo huo, ilipatikana filimbi ya mfupa wa tumbusi yenye matundu matano ya vidole. Mapango sita ya mabonde ya Ach na Lone yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2017, mwaka mmoja tu kabla ya mimi kufika.

Kisha tukachukua baiskeli za nduguye, maana mtoto wa Tanga hashindwi na baiskeli hata penye matope, tukafuata njia ya bondeni hadi Hohle Fels, karibu na Schelklingen. Pango hilo hufunguliwa miezi ya joto tu. Unaingia kwa njia nyembamba, kushoto kuna shimo la wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Tübingen lililofunikwa kwa viroba vya mchanga mpaka msimu mwingine, halafu ghafla dari inapanda na unajikuta katika ukumbi wa mita za mraba 500. Pua yangu ilitafuta harufu ya popo, haikuipata. Ilikuwa harufu ya udongo wa baridi. Mtu aliyekuwa akielekeza wageni alieleza tabaka za udongo kwa utulivu, sentimita kwa sentimita, na hakuwapeleka wageni wake mahali popote zaidi ya pale waliposimama. Ni lazima niseme kweli: nilimkumbuka Baba, na nilichoka kidogo.

Jioni, kabla ya treni, nilirudi peke yangu kwenye chungu nikidhani huenda maji yamesafika. Yalikuwa kijani vile vile. Nikanunua kadi yenye picha, ambayo juu yake maji ni buluu mpaka unashuku mchapaji.

Nilimpigia Baba usiku huo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ehe, umeyaona maji?"

"Nimeyaona, lakini mvua ilinyesha, yalikuwa na tope. Siku za ukavu ndiyo huwa ya buluu, kama wino."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyeji wangu. Na wote pale wanasema hivyo."

"Nawe umesadiki?"

"Nimesadiki, Baba."

Alinyamaza kwanza, kisha nikamsikia akicheka ile sauti ya chini anayocheka akiwa pangoni, isije ikawashtua popo. Hakuniuliza tena. Alisema tu nisiisahau ile kadi.

Kadi hiyo ameivalisha plastiki, naye huitia katika mfuko wa shati anapokwenda kazini. Mara ya mwisho niliporudi nyumbani nilimfuata na tochi ya akiba kama zamani, nyuma ya kundi la wanafunzi kutoka Muheza. Alipofika pale mahali pake aliwaambia kwanza kwamba wataalamu walipima mwaka 1994 wakapata mita 900, akawaacha waandike. Halafu akasema kwamba wazee wao lakini wanajua kuwa njia hii inafika Kilimanjaro, akamulika kadi kwa tochi, akaongeza kuwa nchi ya Wajerumani pia iko pango kama hili, lenye maji ya buluu na malkia ndani yake, na kwamba kijana wake huyu hapa ameyaona kwa macho yake mwenyewe, ya buluu hivi hivi. Wanafunzi wote waligeuka kunitazama. Niliangalia viatu vyangu.