Sauti naisikia, neno silipati
Hivi ishawahi kukutokea, mtu anaongea kwenye simu sauti unaipata freshi kabisa ila anachosema hukielewi? Juzi nimeambiwa "tunakuja sisi wawili" mi nikasikia fisi wawili, nikakaa kimya kwanza 😂 Kumbe irabu ndo zina nguvu, s na f ni kama upepo tu na mitetemo yao ni ya kasi sana, sasa simu za kawaida tangu zamani zinapitisha mitetemo ya hezi 300 mpaka 3400 hivi (hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde), ile ya juu ya hapo inakatwa, s na f zinabaki zinafanana. Na kupiga kelele wala hakusaidii sana, unakuza tu i na a, afu mwenzio anaona unamgombeza, bora uzime redio urudie polepole.