Mito mitano na saa nyekundu: nilivyojinasua kwenye matangazo ya usiku

Mwaka jana nilikaa miezi minne bila usingizi wa maana. Nyumba nzima imelala, wewe uko macho saa nane usiku, simu ndiyo mwenzako. Nami nikawa naiuliza kila kitu: kwa nini nashtuka usiku, mto gani unamfaa mwenye maumivu ya shingo, kinywaji gani kinaleta usingizi. Baada ya siku mbili tatu simu ikaanza kunijibu hata nisipouliza. Mito, taa za mwanga hafifu, mapazia mazito, mafuta ya kunusa. Miezi ile ilipokwisha nilikuwa na mito mitano, na usingizi bado ulikuwa haujarudi.

Iliniuma, maana bango la barabarani au tangazo la redioni halijawahi kunitoa senti. Nilitaka kujua hawa walinishika wapi.

Nikachukua daftari. Kila nilipotamani kitu nilichokiona kwenye simu, niliandika jina lake, saa, na hali yangu wakati huo. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu. Siku nilipokaa kulisoma, karibu mistari yote ilikuwa ya kati ya saa sita na saa tisa usiku, na neno lililojirudia kuliko yote lilikuwa "nimechoka". Mchana matangazo yaleyale yalinipita. Kumbe hayakunishinda kwa maneno yake, yalinishinda kwa saa yaliyonikuta.

Na kunikuta saa ile si bahati. Ukurasa unapofunguka, mara nyingi nafasi ya tangazo hupigwa mnada papo hapo, kwa muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kompyuta za wanunuzi hupewa aina ya simu, eneo ulipo na yale yanayojulikana kukuhusu. Saa ya usiku, kompyuta hizo zinaiona zenyewe. Mwenye dau la ushindi ndiye anayetokea mbele ya macho yako. Sehemu ya hayo yanayojulikana kukuhusu hutokana na vidakuzi, alama ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti. Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, alivibuni mwaka 1994 kwa haja ya kawaida kabisa: duka la mtandaoni likumbuke mteja ameweka nini kikapuni. Haja hiyo sina ugomvi nayo. Lakini kampuni za matangazo zikapandikiza vidakuzi vyao kwenye tovuti chungu nzima, na kile kilichokumbuka kikapu kikawa kinamfuata mtu duka hadi duka. Mto nilioutazama mara moja tu ulinifuata siku kumi na moja. Nilihesabu.

Usiku ulionifungua macho, nilikuwa kwenye ukurasa wa mto wa sita. Juu kulikuwa na saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma: ofa inaisha baada ya 09:58, 09:57. Moyo ulinienda mbio kweli, kidole kiko juu ya kitufe. Ukurasa ukakwama. Nikaufunga, nikaufungua upya, na ile saa ikaanza tena kwenye 10:00. Nikafunga, nikafungua: 10:00. Nilirudia mara nne, nimekaa kitandani gizani, na kila mara hofu ilipungua kidogo. Chini yake paliandikwa kwamba imebaki mito 3 tu. Wiki iliyofuata nilichungulia. Bado ilikuwa 3.

Bei iliyokatwa mstari nayo nilianza kuiona kwa jicho jingine. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lao la gurudumu la namba, lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65. Kisha watu waliulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kwa walioona 10, kadirio la katikati lilikuwa 25. Kwa walioona 65, lilikuwa 45. Gurudumu halijui chochote kuhusu Umoja wa Mataifa, lakini lilivuta mawazo yao. Ile namba kubwa iliyokatwa mstari inavuta vivyo hivyo, hata kama bidhaa haijawahi kuuzwa kwa bei hiyo. Siku hizi naifunika kwa kidole gumba, najiuliza kama ningetoa hiyo iliyobaki.

Kwenye simu nilizima matangazo yanayonilenga, nikafuta namba ya utambulisho wa matangazo, ambayo watangazaji huitumia kuitambua simu, na kukataa ruhusa ya eneo kwa programu zisizoihitaji. Matangazo hayakupungua, ila yaliacha kunijua sana. Kilichosaidia kuliko vyote ni kuondoa kadi ya benki iliyohifadhiwa kwenye simu. Amazon ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya ununuzi wa kubofya mara moja mwaka 1999, na tangu nianze kuandika lile daftari naelewa kwa nini hatua moja iliyopunguzwa ina thamani hivyo. Mimi niliirudisha hatua. Nikitaka kununua lazima niinuke, niwashe taa, nifungue droo, nichape namba zote. Usiku, mara nyingi sikufika hata mlangoni.

Juzi mama alinionyesha simu yake. "Mwanangu, hawa watu wamejuaje magoti yananiuma?" Alikuwa ameuliza kuhusu magoti wiki hiyo, na sasa dawa ya kupaka ilikuwa imejaa kila mahali, na saa nyekundu juu yake. Nilimwambia, "Mama, funga ukurasa huo, halafu ufungue tena." Akafunga, akafungua. Akaitazama ile saa, akarudia mwenyewe bila kuambiwa, akakaa kimya.

"Kumbe walikuwa wananikimbiza bure," akasema, na akanipa simu nimfutie ile namba ya utambulisho wa matangazo.