Kalenda ya Ikulu na Jumanne za Gen Z

Ukitaka kuelewa Rais William Ruto wa Kenya alivyovuka dhoruba ya Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza kodi mpya, weka hotuba zake kando na ufungue kalenda. Maandamano ya Gen Z, kizazi cha vijana waliopinga mswada huo, yalikuwa na siku zake, Jumanne na Alhamisi, na hatua za Ikulu zinaeleweka ukizipima kwa siku hizo.

Mwanzoni alichelewa. Jumanne 18 Juni, vijana wakijitokeza Nairobi, ndipo ilipotangazwa kwamba kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 2.5 wa magari vimeondolewa. Vingeondolewa wiki mbili mapema, vingehesabiwa kuwa matunda ya maoni ya umma. Siku ile vilikuwa ushindi wa barabara, na aliyeshinda barabarani hurudi barabarani. Alhamisi walirudi.

Bunge lilipitisha mswada Jumanne 25 Juni, kura 195 kwa 106. Kifungu cha 115 cha Katiba humpa rais siku 14 kuutia saini au kuurudisha, lakini mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, kwa hiyo nafasi halisi ilikuwa siku tano. Usiku huo, vijana wakiwa wameshauawa, alitoa hotuba kali iliyotaja uhaini. Jumatano alasiri akasema hatautia saini. Itazame picha ya tukio hilo: nyuma yake wamepangwa wabunge wa mrengo wake, wale wale waliopigia mswada kura ya ndiyo jana yake, na sasa wanapigia makofi kuondolewa kwake. Mbunge aliyeutetea mbele ya wapiga kura wake aliachwa bila neno la kuwaambia. Hotuba ya Jumanne usiku ingeishia kwenye rambirambi, hatua ya Jumatano isingempinga mwenyewe.

Kwa vyombo vya habari alichagua Jumapili usiku, 30 Juni: wanahabari watatu, Ikulu, runinga zikirusha kwa pamoja. Nchini Kenya wakati huo una thamani. Siasa za makanisani zimekwisha kusemwa, magazeti ya Jumatatu yanatafuta kichwa, redio za asubuhi zinatafuta mada, na maandamano yaliyofuata yalikuwa Jumanne 2 Julai. Ila alisema waliokufa katika maandamano ni 19. Kesho yake Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikataja 39. Mahojiano yote yakamezwa na tofauti hiyo, na ilistahili kuwa hivyo, kwa sababu kila mmoja katika hesabu ile ni mtoto wa mtu.

Kuanzia hapo alijifunza kutoa habari kwa vipande. Ijumaa 5 Julai alitangaza kubana matumizi: pengo la shilingi bilioni 346, kukata bilioni 177 na kukopa 169. Jumanne 9 Julai alitia saini sheria ya tume ya uchaguzi, IEBC, pale ukumbi wa mikutano wa KICC, kiongozi wa upinzani Raila Odinga akiwa kando yake. Alhamisi 11 Julai akawafuta mawaziri, akambakiza Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi.

Hapa ndipo penye ustadi wenyewe. Hakujaza viti mara moja. Tarehe 19 Julai alitaja majina 11, baadhi yao yakiwa ya mawaziri aliowafuta. Tarehe 24, siku moja baada ya maandamano ya Jumanne, akataja 10 mengine, wanne wakiwa wa ODM, chama cha Raila: John Mbadi, Hassan Joho, Opiyo Wandayi na Wycliffe Oparanya. Kiti kilicho wazi hufanya kazi kuliko kilichojazwa. Kwa siku 13 swali mezani mwa wahariri liligeuka kutoka "nani alitoa amri ya kufyatua risasi?" kuwa "nani ataingia?", na ndani ya Azimio, muungano wa upinzani, kila chama kikaanza kumtazama mwenzake kwa shaka. Kalonzo Musyoka, kinara mwingine wa Azimio, alikataa kuingia, lakini muungano ulikuwa umeshapasuka. Hazina ya Taifa ikapewa Mbadi, sauti ambayo upinzani ungeitegemea kuikosoa bajeti ijayo.

Vijana walikuwa wametangaza maandamano makubwa ya Nane Nane, Alhamisi 8 Agosti. Siku hiyohiyo, polisi wakiwa wamefunga barabara za katikati ya Nairobi, mawaziri wapya walikuwa Ikulu wakila kiapo.