Boti ya Pemba na roho kuchafuka: hivi ndo navyovuka siku hizi

Mi nimeolewa Pemba, wakwe zangu wote wako kule, kwahiyo kusema sipandi boti hakuna, Idd ikifika lazima tuvuke na msiba ukitokea ndo usiseme. Na mi ni wa kutapika haswa, sio kile kizunguzungu cha kupita, yani natapika mpaka nyongo, miguu inaisha nguvu nashushwa nimeshikiliwa huku na huku. Siku hizi navuka vizuri tu, naongea na watu njiani, nashuka na begi langu mwenyewe. Ndo maana kila nikimuona mdada kainamia mfuko na mtoto analia pembeni yake inaniuma sana, maana angeweza kusaidika tangu asubuhi. Kazi kubwa ya kuzuia hii kitu inafanyika kabla boti haijaondoka, ukishaanza kutapika kidonge unakimeza kinarudi, hakina muda wa kufanya kazi.

Kwanza uijue njia yenyewe. Ukitoka Malindi, bandari ya Unguja mjini, kwenda Mkoani, bandari ya Pemba, mwanzo boti inapita upande wa magharibi wa Unguja, kisiwa kinakukinga na upepo, maji yametulia, watu wanakula mishikaki na kupiga picha. Ukishaipita Nungwi kinga imeisha, unaingia bahari wazi, na kama ni msimu wa upepo wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti, hapo ndo utasikia watu wameanza kuita mabaharia waletewe mifuko. Kwahiyo usidanganyike na ile nusu ya mwanzo. Kama safari yako sio ya lazima subiri maleleji, kipindi kile pepo zinapobadilishana, bahari inakuwa shwari mno. Harusi yetu sisi tuliipeleka Novemba kwasababu hiyohiyo, watu wa bara tuliokuwa nao wasingeiweza Julai.

Dawa. Kuna dada wa famasi alinieleza vizuri mpaka nikaelewa, kwamba sikio kwa ndani lina mifereji yenye majimaji, hayo ndo yanayoambia ubongo kuwa mwili unayumba, sasa macho yako yakiwa yanaangalia kiti cha mbele ambacho hakiendi popote, ubongo unapata habari mbili zinazopingana na tumbo ndo linalolipa. Mi akanipa sinarizini, wengi mnaijua kwa jina la Stugeron, akaniambia "dada yangu, meza kama masaa mawili kabla, usisubiri uone wimbi". Masaa mawili, watu wengi wanameza wakiwa tayari wamekaa kwenye kiti halafu wanasema dawa haifanyi kazi! Kipimo fuata cha kwenye boksi au uliza hapohapo famasi. Kuna na promethazini, wanaiita Phenergan, hiyo inalaza kwelikweli, mama mkwe wangu anaitumia na anafika hajui hata Nungwi tumeipita saa ngapi. Ila hiyo mtoto wa chini ya miaka 2 hapewi kabisa, na mzee mwenye presha ya macho au shida ya tezi dume aongee na daktari kwanza. Mwenye mimba pia usijimezee tu, uliza. Na zote hizi zinaleta usingizi, zinazidishwa na pombe, ukishuka usishike usukani.

Tangawizi nayo usiidharau, mi natafuna kipande kibichi au natembea na chai yake kwenye chupa, inatuliza tumbo, ila kwenye kusi peke yake hainitoshi, naichukua pamoja na kidonge. Ndimu ya kunusa inanisaidia kwa harufu, maana moshi wa dizeli na vyakula vya kukaanga vya jirani vinamaliza watu kuliko hata wimbi.

Kula ule, tumbo tupu ni baya, ila kitu kikavu na kidogo: mkate wa boflo, biskuti, muhogo wa kuchemsha. Urojo asubuhi ya safari hapana jamani, wala maziwa wala chipsi za mafuta.

Kiti sasa, na hapa ndo watu wanatupa hela. Wanalipia VIP wakidhani watapona, wakati kwenye boti nilizopanda mimi VIP iko juu, na juu ndo kunakoyumba zaidi. Mbele pia usikae, pale inapanda na kushuka balaa. Kaa katikati kuelekea nyuma, chini, karibu na dirisha, au nje kama wanaruhusu. Mi nafika bandarini mapema kwa ajili ya hicho kiti tu. Kuna baharia mmoja mtu mzima, nilimuamkia shikamoo nikamwambia naumwa na bahari, akanipeleka mpaka kwenye kiti akaniambia "mwanangu, macho yako yaweke kule mbali mbingu inapokutana na maji, na simu itie mkobani". Basi simu sishiki, TV ya mle ndani siangalii, kitabu ndo kabisa. Kichwa naegemeza kisicheze cheze.

Ikitokea imeanza, utaijua, mate yanajaa mdomoni, jasho la baridi, miayo isiyoisha. Usingoje, toka nje upate upepo uangalie mbali, shikilia vizuri. Huwezi kutoka, lala chali karibu na katikati ya boti, fumba macho. Ukitapika usijilazimishe kunywa chupa nzima kwa mpigo, pumzika kidogo kisha maji kwa vijiko au mafunda madogo, na mi hubeba ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, siku zote maana ni bei ndogo na inarudisha nguvu. Nabeba pia kopo lenye mfuniko, taulo dogo na kanga ya kubadili, mfuko wa karatasi ukilowa unapasuka.

Mwanangu ana miaka 6, na watoto wa kuanzia miaka 2 mpaka 12 hivi ndo hii kitu inawashika sana, wachanga wao mara nyingi hata hawajui. Yeye namuweka dirishani tunatafuta ngalawa na pomboo, akisema tu "mama tumbo" namtoa nje hapohapo, sibishani nae. Dawa yake kipimo chake nilipewa na famasi, sigawi kidonge changu kwa kukisia.

Ukifika Mkoani ardhi bado inaweza kukuyumbisha masaa kadhaa, ni kawaida, inaisha yenyewe. Mi nakaa kwanza, nakunywa chai, halafu ndo tunatafuta gari la kwenda mjini Chake Chake, ile barabara nayo ina vilima na kona zake, naomba kiti cha mbele. Ila kama mtu kafika anaendelea kutapika mpaka kesho yake, hakojoi, au mtoto macho yameingia ndani na analegea, huyo mpelekeni hospitali, msiseme ni bahari tu.