Nilikuwa natunza siri za wateja bila kujua

Nina steshenari ndogo Ligula, Mtwara mjini, upande wa njia inayokwenda hospitali ya mkoa. Fotokopi moja, printa mbili ambazo moja hufanya kazi ikijisikia, na kompyuta mbili za mezani nilizozinunua zikiwa zimeshatumika. Kazi kubwa ni kuwajazia watu fomu: mkopo wa chuo wa HESLB, maombi ya ajira, vyuo, TIN ya kodi, namba ya kitambulisho ya NIDA. Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi wanaongezeka na wale wenye chochote mfukoni, wanaotaka kuangalia bei ya pikipiki na mabati.

Wateja wangu hawasemi kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti. Wanasema, "Dada, niingizie Google." Nami kwa miaka mitatu niliwaingizia hivyohivyo, kwa kile nilichokikuta kwenye mashine, bila kujiuliza kinabaki na nini mtu akishanyanyuka kitini.

Jioni moja akaja kijana wa chuo ambaye huchapisha kazi zake kwangu. "Shikamoo dada. Nina jambo, ila usinicheke." Akanipa simu yake. Ilikuwa imefunguliwa kwenye orodha ya vitu alivyotafuta mtandaoni. Nauli ya basi Mtwara hadi Dar. Bei ya Boxer mpya. Dalili za mimba ya wiki mbili. Dawa ya kuwashwa sehemu za siri. Jinsi ya kudai talaka mume akikataa. "Dada, hivi vyote si vyangu," akasema. "Mimi hata mke sina."

Nilichukua dakika kadhaa kuelewa. Majuma mawili nyuma alifungua barua pepe yake kwenye kompyuta namba mbili. Kivinjari kikamuuliza kama anataka kusawazisha na vifaa vyake vingine, naye akabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyeza wote tukiwa na haraka. Tangu siku hiyo kila aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa anatafuta kwa akaunti ya yule kijana, na kila neno likawa linamfuata mwenyewe hadi bwenini. Kwenye orodha kulikuwa na saa. Aliyeuliza habari ya talaka aliuliza saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne. Sikuhitaji jina. Nilikumbuka ni nani alikuwa amekaa pale, na mtandio aliovaa.

Jina la kivinjari sitalitaja, maana kosa lilikuwa langu. Mashine ya watu wengi nilikuwa naiendesha kama simu ya mtu mmoja. Usiku ule nilifunga duka nikakaa ndani kukagua. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa yalikuwa arobaini na moja, mengine ya barua pepe, mengine ya mifumo ya ajira. Ukigusa alama ya jicho, unayasoma kama unavyosoma gazeti.

Nilianza na njia ya mkato. Nikasema kila mteja afungue dirisha la faragha, ile hali fiche. Nilidhani nimemaliza. Hali fiche inafanya jambo moja tu: ukifunga madirisha yake, mashine inasahau ulikopita. Tovuti yenyewe inakuona, mtandao unaokupa intaneti unajua umeelekea wapi. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 na watumiaji walioamini kwamba humo hawafuatiliwi, na katika mapatano yaliyowasilishwa mahakamani Aprili 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu. Halafu kuna neno "madirisha". Yanapaswa kufungwa yote. Mzee mmoja alifungua barua pepe ya pensheni kwenye dirisha la faragha, akalipunguza chini badala ya kulifunga, akaenda zake. Binti aliyemfuata akafungua dirisha jingine la faragha na kukuta barua za mzee zinamsubiri, kwa kuwa madirisha yote ya faragha yaliyo wazi hula sahani moja.

Hapo ndipo nilipokaa chini kutafuta kivinjari cha kufaa, na jambo lililonisaidia ni kujiuliza wateja wangu wanajificha kwa nani. Mtu wa kwanza ni anayekaa kitini baada yao. Mtu wa pili yuko mbali: kampuni za matangazo zinazopandikiza vidakuzi, vijifaili vya kumbukumbu ndani ya kivinjari chako, ili zikujue popote uendapo. Vidakuzi havikuzaliwa vibaya. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, alivibuni ili tovuti iweze kukumbuka, kwa mfano, ulichoweka kwenye kapu la manunuzi. Waliokuja nyuma ndio waliovigeuza kuwa kengele ya mbuzi.

Opera Mini niliiacha mapema, ingawa huku kwetu inapendwa kwa sababu inabana bando. Inabana kweli. Lakini katika hali yake ya kubana sana, ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye seva za kampuni, unakunjwa huko, ndipo unaletwa kwako. Anayelima korosho ataelewa haraka: ni kumpa mtu gunia lako akubebee hadi ghalani. Mzigo amekupunguzia, ila gunia limepita mikononi mwake, na ana uwezo wa kulifungua. Sisemi ni kangomba, mlanguzi wa korosho. Kwa kusoma magazeti sina neno. Kwa kujaza namba ya NIDA ya mtoto wa mwenzangu, hapana.

Tor niliijaribu kwa shauku kubwa. Inakupitisha kwenye vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu tofauti, hivyo hakuna kituo kimoja kinachojua kwa pamoja umetoka wapi na unakwenda wapi. Kwa mwandishi wa habari anayelinda mtoa siri, ni chombo chake. Kwa mama aliyeacha mgonjwa wodini akaja kufungua fomu ya mwanawe, ni mateso. Ukurasa ulizunguka hadi akaniuliza, "Mwanangu, mtandao umekatika?" Na tovuti nyingi zikiona umetokea huko zinakutaka uthibitishe kwa picha za taa za barabarani kwamba wewe si roboti.

Brave ilikaribia sana kushinda. Mmoja wa waanzilishi wake, Brendan Eich, ndiye aliyeunda JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, mwaka 1995 na alikuwemo katika kuanzisha Mozilla, wenye Firefox. Inazuia matangazo na wafuatiliaji tangu siku unayoiweka, hugusi kitu. Kilichonitia mashaka ni lile la mwaka 2020, ilipogundulika kwamba ukiandika anwani ya soko fulani la sarafu za mtandaoni, kivinjari kinajazia kiungo chenye namba ya kamisheni yao. Waliomba radhi wakarekebisha. Hata hivyo, kila nikiifungua naona vitufe vya pochi na sarafu, na nina wateja ambao kitufe chochote kinachong'aa lazima wakiguse.

Nikabaki na Firefox. Ni ya Mozilla, ambayo juu yake liko shirika lisilo la faida, ingawa tusidanganyane: sehemu kubwa ya mapato yao hutoka kwa Google wanaolipa ili wawe injini ya utafutaji ya kwanza. Kilichonishawishi ni mambo mawili. Tangu Juni 2022 Firefox ya kompyuta huwekea kila tovuti chungu chake cha vidakuzi, bila wewe kuomba. Alichopika mmoja, mwingine haonji. La pili ni kiendelezi, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye kivinjari, cha uBlock Origin, kinachozuia matangazo na wafuatiliaji, ambacho humo kinafanya kazi chote. Kwenye Chrome kanuni za viendelezi zilibadilishwa, kile kamili kikaondolewa, ikabaki toleo jepesi. Kompyuta zangu zina RAM ya GB 4 tu, kwa hiyo ukurasa usiopakua video za matangazo nimeuona tofauti yake kwa macho, na kwenye bando pia.

Ila Firefox ukiiweka tu na kuiacha, kwa duka haitoshi. Inakumbuka kama wenzake. Nilikwenda kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, nikaweka alama pale inaposema ifute vidakuzi na data za tovuti inapofungwa. Chini yake, kwenye historia, nikachagua mipangilio yangu mwenyewe na kuiamuru ifute kila kitu ikifungwa: kurasa, utafutaji, yaliyojazwa kwenye fomu. Nikazima kuuliza kuhusu kuhifadhi maneno ya siri. Nikazima kujaza anwani na kadi. Nikawasha hali ya HTTPS pekee, ili kurasa zisizo na kufuli zisifunguke bila onyo. Injini ya utafutaji nilibadilisha ikawa DuckDuckGo, nikairudisha Google ndani ya juma moja. Kwa maswali ya Kiswahili haikuwa inaleta majibu ya maana, na mteja akikosa tangazo la ajira analolitafuta hanielewi nikimweleza habari za faragha.

Sheria ikawa moja: mteja akinyanyuka, Firefox inafungwa yote kwa alama ya X, hata kama anayefuata ni mdogo wake wa tumbo moja. Umeme ukikatika, na huku unakatika, nikiwasha mashine naifungua na kuifunga mwenyewe kwanza kabla mtu hajakaa.

Mfumo mmoja wa maombi uligoma. Kumbukumbu namba ya malipo ilitakiwa itokee kwenye kidirisha kidogo, na hakikutokea. Nilihangaika siku mbili nikilaumu kivinjari kizima, kumbe ilitosha kubonyeza ngao ya uBlock Origin na kuizima kwa tovuti ile peke yake. Wateja wawili walikwenda kwa jirani siku hizo. Mmoja hajarudi.

Kitu ambacho hakuna kivinjari kilichonisaidia ni folda ya vilivyopakuliwa. Faili uliyoshusha inabaki kwenye mashine hata kama uliishusha kwenye dirisha la faragha. Nilipoifungua nilikuta vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, picha za vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma, hati ya kiwanja cha mtu wa Mikindani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nilipoisoma nilikuwa nawaza benki na kampuni za simu. Nilipoiona folda ile nikajiona na mimi. Sasa naifuta kila jioni kabla ya kuhesabu hela, na pipa la taka la kompyuta nalimwaga vilevile, kwa kuwa kufuta bila kumwaga pipa ni kuhamisha tu.

WhatsApp ya kwenye kompyuta ni ndugu yake. Watu huunganisha simu zao ili watoe nyaraka, kisha wanaondoka. Firefox ikifungwa inasahau, lakini mimi huwaambia wafungue simu zao, waende kwenye vifaa vilivyounganishwa, watoe wasivyovitambua. Mama mmoja alikuta vinne. Kimoja kati ya hivyo alikitazama muda mrefu bila kusema kitu, akafunga simu, akalipa mia tano ya kuchapisha, akaondoka.

Wengine huniuliza kwa nini sikuweka VPN basi, ile njia ya kuficha unakotokea mtandaoni, mambo yaishe. VPN haimzuii anayekaa kitini baada yako, ambaye ndiye mgogoro wangu. Na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Oktoba 2023 ilitoa tangazo la kutaka wanaozitumia wajitambulishe, nami kwa steshenari ya fotokopi sina haja ya kuongeza foleni. Kwenye simu yangu mwenyewe natumia Brave. Ni yangu peke yangu, na vitufe vya sarafu najua kuvipita.

Yule kijana wa chuo alifuta orodha yote mbele yangu, akatoka kwenye akaunti, akabadilisha neno lake la siri. Nilimchapishia kazi yake ya kurasa thelathini bure. Yule dada wa Jumanne anakuja bado. Sijamwambia, na nikimwona akikaa huwa naenda kupanga karatasi upande wa pili.

Anayelalamika zaidi ni mzee wa pensheni. "Mwanangu, hii mashine siku hizi imezeeka kama mimi, kila nikija imenisahau." Nilimweleza mara mbili, akaitikia kwa heshima. Juzi nimeinua kibodi ya kompyuta namba mbili ili nifute vumbi, nikakuta chini yake karatasi tatu zilizokunjwa vizuri, kila moja na barua pepe na neno la siri kwa mwandiko tofauti. Moja ni ya mzee. Nyingine mbili bado nawatafuta wenyewe.