Siku Moja na Jahazi Lililokwenda Mbio

Saa mbili asubuhi. Kabla ya chai nasoma kipimo cha unyevu. Chumba chetu cha kuhifadhi kanda na kazi za sanaa za kompyuta kiko Mji wa Kale, karibu na bahari, na hewa ya Mombasa haina huruma na kanda: unyevu hudhoofisha gundi inayoshikilia chembe za sumaku, utepe ukaanza kunata na kuchunika ndani ya deki. Leo ni asilimia 55. Mashine ya kukausha hewa imefanya kazi yake usiku.

Saa tatu. Kanda ya VHS ya onyesho la sanaa inaingia kwenye deki. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizi, iliacha Julai 2016, kwa hiyo vipuri twavitoa kwenye deki zilizokufa. Kanda ya saa mbili huchukua saa mbili kunakiliwa, haiharakishwi.

Saa tano. Nafungua CD ya Bi mmoja wa Kibokoni, msanii. Mwaka 2003 alitengeneza kwa Flash, programu ya picha zinazotembea kwenye kompyuta, kazi ambayo ukibofya tanga, jahazi laondoka na sauti ya bibi yaanza kusimulia safari. Kampuni ya Adobe, wenye Flash, waliacha kuihudumia mwisho wa 2020, na tarehe 12 Januari 2021 wakaizuia kabisa isicheze. Natumia Ruffle, programu ya bure inayoigiza Flash. Picha safi, sauti safi. Ila jahazi lapita kama boti ya doria! Limeshafika Fort Jesus, bibi hajamaliza hata sentensi ya kwanza.

Saa nane, mwenyewe anafika.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe."

Akatazama mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Hii si kazi yangu."

Na ni kweli. Faili yaagiza picha 24 kwa sekunde, lakini kompyuta yake ya wakati ule haikuweza kufika huko. Yeye alipanga mwendo kwa jicho, kwa alichokiona kiooni. Kasi ile haikuandikwa popote ndani ya faili. Ilikuwa kwenye mashine, na mashine ilishauzwa chuma chakavu. Hili ndilo linaloniuma katika kazi hii. Twaweza kuhifadhi kila herufi ya faili na bado tukaipoteza sanaa, kama aliyeitengeneza hakuulizwa. Michoro ambayo Andy Warhol, msanii wa Marekani, aliichora kwa kompyuta ya Amiga mwaka 1985 ilitolewa kwenye diski zake mwaka 2014. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1987.

Nikamuuliza: watu wakitumia kidole badala ya kipanya?

"Kidole si neno. Lakini jahazi lisikimbie. Anayesimulia ni bibi, na bibi hana haraka."

Nikapunguza kasi kidogo kidogo hadi akasema, "Hapo hapo." Nimeandika namba hiyo pamoja na maneno yake. Faili ya asili sikuigusa. Kasi mpya iko kwenye nakala ya maonyesho.

Saa kumi na moja. Nakala tatu, moja yapelekwa Nairobi, mbali na chumvi ya bahari. Kila faili ina namba ndefu iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo. Kikibadilika kitu kimoja tu, namba haifanani tena. Nazilinganisha zote, ziko sawa.

Kabla ya kufunga nampigia simu mchongaji wa Likoni ambaye kanda zake ziko rafuni. Aje kesho asubuhi. Maswali kwanza, kanda baadaye.