Zaidi ya dakika 20 bila kupuliza

Juzi baba mdogo alisafiri hadi Nairobi kunisikiliza kwenye okestra kwa mara ya kwanza. Ndiye aliyenitia tromboni, ala ya shaba ya kupuliza, mkononi nikiwa darasa la sita, katika bendi ya Jeshi la Wokovu huko kwetu Vihiga. Yeye hupiga ngoma kubwa. Kwenye gwaride letu hakuna kukaa. Unapuliza huku unapanda mlima, vumbi puani, na wimbo haujaisha vizuri kabla mwingine haujashika.

Usiku huo tulipiga Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyosikika kwanza Vienna mwaka 1808. Ina sehemu nne, na tromboni zote tatu hazina hata noti moja mpaka sehemu ya nne. Sehemu tatu za mwanzo zinachukua zaidi ya dakika 20.

Baada ya onyesho alinivuta kando, uso umemsawijika. "Mwanangu, mbona walikunyima nafasi muda wote ule? Umekosana na wakubwa?"

Nilimweleza kwamba kule kukaa ndiko kazi yenyewe. Shaba ikipoa, sauti yake hushuka, kwa hiyo kila baada ya muda mfupi napitisha pumzi ya moto ndani ya bomba bila kutoa mlio. Midomo nailowesha. Nafuata kila kitu kwa masikio, maana nikiingia nje ya wakati ukumbi mzima utajua.

Halafu sehemu ya tatu inafifia. Vinanda vya nyuzi vinashikilia sauti moja nyembamba, na chini yake timpani, ngoma kubwa ya okestra, inagonga polepole, tu, tu, tu, kama mtu anayebisha mlango usiku asiwaamshe watoto. Hakuna kusimama kati ya sehemu ya tatu na ya nne. Tromboni zinapanda midomoni. Nasikia mwenzangu wa kulia akivuta pumzi, nami navuta pamoja naye, muziki unavimba, na tunaingia kwa nguvu zote katika ufunguo wa do kuu (C major). Sakafu inatetemeka chini ya viatu. Kwa sababu ya kishindo hicho mimi hupanda basi kutoka Kisumu usiku kucha, ingawa nauli hula sehemu kubwa ya malipo, na maonyesho yenyewe hayaji kila wiki. Siku nyingine nafundisha watoto Kondele, na Jumamosi napuliza kwenye harusi na matanga.

Baba mdogo alinyamaza kidogo. Kisha akauliza juu ya timpani: yule mpigaji alijuaje kugonga kwa upole vile bila kupoteza mwendo?

Kwenye basi la kurudi aliniomba nimwonyeshe tena. Nikamgongea gotini kwa vidole viwili, tu, tu, tu, naye akijibu kwa kiganja kwenye kiti cha mbele, taratibu, mpaka taa za Nakuru zikaonekana.